Kilo za Rose

Jumapili, 4 Juni 1995

Hellen, usidhani mimi sijui kuhesabu. Mara yako ya mwisho kukanyaga uwanja huu ni siku tuliyoanua matanga ya baba yako, na mahindi yaliyopikwa siku ile yamepandwa tena na kuvunwa mara tatu. Ungekuwa Dar ningenyamaza. Uko Nyegezi, ng'ambo ya mji tu, unanitumia sukari kwa utingo wa basi kama mtu anayelipa kodi. Sukari naila. Lakini sukari haijui kukaa kitako ikasikiliza.

Basi nimechukua daftari la Rose wako, kurasa za nyuma ambazo hakuzimaliza shuleni, niandike. Ukija usinitolee macho kuuliza hiki kilitokea lini na kile nani alisema. Utasoma. Shule sikukanyaga, unajua. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, tumekaa juu ya marobota ya pamba katika ghala la chama cha ushirika, mwalimu akitupigia kelele kama watoto. Ghala lile lile sasa limekodishwa kwa kampuni ya Bwana Revocatus wa Mwanza, inayonunua pamba tangu serikali iseme kila mwenye nguvu anunue. Kaka yako Mayala ndiye mpimaji wao. Amevaa kalamu sikioni.

Jambo moja naliandika mapema nisije nikalikana. Mwezi wa tano Mayala alikuja na betri kuukuu la gari, akalipasua, akayeyusha risasi yake kwenye kisufuria changu kidogo, kile cha kuchemshia maziwa. Aliimwaga ndani ya jiwe la mizani, kile chuma kinachosukumwa kwenye mkono wa mizani, alilokuwa amelitoboa tundu chini. Jiwe likiwa zito, mkono unatulia mapema, na pamba inasoma pungufu. Kila kilo saba, moja inamezwa. Nilimwuliza kama ni yeye au tajiri wake. Akasema Mama, kampuni zote zinafanya hivyo. Mimi nikamwambia kisufuria hicho sipikii tena. Hayo tu ndiyo niliyomwambia. Jioni aliniletea nyama na nikaila.

Jumatano, 7 Juni

Vumbi. Pamba yetu gunia mbili. Mayala kazipima kama za watu wengine.

Jumapili, 11 Juni

Amekuja mzungu, jina lake Matiasi, Kiswahili chake cha Nairobi kisicho na adabu wala ubaya. Bwana Revocatus amemleta ili atangaze kampuni. Kampuni ziko nne sasa na kila moja ina kipaza sauti, kwa hiyo yeye anataka kitu cha angani. Siku ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima, mtu ataruka kutoka mlima wa mawe nyuma ya ghala, atapita juu ya vichwa vyetu na jina la kampuni, atamwaga pamba, kisha atatua shambani kwa jirani yetu Paskazia ambako pamba imeshang'olewa.

Matiasi ameleta mabawa matatu. Si mwavuli ule wa wanajeshi. Hili ni bawa refu la kitambaa chepesi, lina vyumba vyumba kama mto wa kulalia uliokatwa mdomo, upepo unaingia unalijaza, na chini kamba nyingi nyembamba zinashika kiti cha mikanda. Linabeba mtu mmoja, wa pili haliwezi. Yote matatu mshono mmoja, kama gauni lililokatwa kwa mtoto, kwa msichana, na kwa mama mzima. Dogo la njano, la kati jekundu, kubwa la buluu. Kila moja lina kibandiko kinachosema uzito. La njano: mtu na vitu vyake vyote visipite kilo themanini. Jekundu linaanzia hapo hapo karibu na kwenda mpaka tisini na tano. La buluu ni la Matiasi mwenyewe, dume la mtu.

Alieleza vizuri hata mimi nikaelewa. Mtu mwepesi kwenye bawa kubwa, upepo unamchezea kama jani. Mtu mzito kwenye bawa dogo, linakimbia, na linashuka kwa kasi.

Sasa sikia akili ya watu wenye pesa. Bwana Revocatus alishalipeleka la njano Mwanza likaandikwa jina la kampuni kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama ng'ombe, kwa sababu njano inaonekana vizuri. Hakuuliza litabeba nani. Ndiyo maana sasa anatafutwa mtu wa kulingana na bawa, badala ya bawa la kulingana na mtu.

Jumanne, 13 Juni

Walijitokeza wanaume tisa. Walipoonyeshwa jiwe la kurukia, saba walikumbuka wana ng'ombe wa kuchunga. Wawili waliobaki walikuwa walevi.

Rose wako akasema mimi.

Nilicheka. Unamjua mwanao au humjui, niseme tu: ana miaka ishirini, bega kama la baba yako, anabeba ndoo ya maji kichwani na nyingine mkononi. Bwana Revocatus akafurahi, akasema msichana wa hapa hapa ndiye hasa, na hata wazee watakuja kutazama. Matiasi akamtazama akasema huyu ni mzito kwa la njano. Mizani yake ya mkono ilidondoka majini Kigongo alipokuwa anapanda kivuko, ndipo Bwana Revocatus akasema kwani hapa tunapimia nini, mawe? Rose akasimamishwa kwenye mizani ya pamba, mbele ya foleni nzima.

Mayala alisukuma jiwe. Akasoma sitini na mbili.

Mwezi wa tatu Rose alipougua malaria zahanati walimwandika sabini na mbili. Kadi iko kwenye kopo la chai, nimeitoa sasa hivi nikaitazama. Sabini na mbili.

Vitu vyake, kiti na kofia ngumu na bawa lenyewe, vilipimwa pale pale: kumi na tatu. Matiasi akajumlisha kwenye kidaftari chake, sabini na tano, akasema sawa.

Mayala hakunitazama. Mimi nilikuwa natazama miguu ya Rose, jinsi alivyovua ndala akasimama wima kama anaapishwa.

Jumatano, 14 Juni

Nimempa mtindi na michembe, viazi vyetu vya kukausha. Nilisema kama lazima aruke basi awe na uzito wa kutopeperushwa. Ndivyo nilivyojiambia.

Alhamisi, 22 Juni

Kila siku kuanzia saa tatu wako kwenye kilima kidogo cha Luhaga. Anakimbia, bawa linanyanyuka nyuma yake, miguu inaachana na ardhi hatua kumi, kumi na tano, anashuka. Watoto wanamwita Bibi Njano. Nyumbani anatembea kama amepandishwa cheo.

Alhamisi, 29 Juni

Upepo wa ziwani umeanza kuja mapema. Rose leo kashuka mbio, kaanguka magoti. Kasema bawa lina haraka. Matiasi kasema upepo.

Jumatatu, 3 Julai

Kashuka mbio tena. Upepo, wanasema.

Alhamisi, 6 Julai

Matiasi si mjinga. Leo amemleta Rose ghalani akasema anataka kumpima upya, maana bawa linakwenda kama lina mtu mwingine ndani. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Paskazia alikuwa wa tatu, amekalia gunia lake, anatafuna muwa. Unamkumbuka Paskazia, mjane wa jirani, mdomo wake hauna mlango.

Mayala akasukuma jiwe. Sitini na tatu. Matiasi akasimama mwenyewe juu ya mizani, akasoma, akakunja uso. Akasema amepungua sana tangu Nairobi. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, mtu asiye na hila:

"Bwana Mayala, hii mizani ni sawa?"

Foleni yote iligeuka. Hata Paskazia aliacha kutafuna muwa. Hellen, pale palikuwa na watu sitini ambao kila mmoja amelima tangu Novemba, amepalilia mara tatu, amepulizia dawa kwa pampu ya kuazima, na kila mmoja moyoni anajua anaibiwa ila hajui kwa tundu lipi.

"Imekaguliwa," Mayala akasema.

Kisha akanitazama mimi. Si kwa kuomba. Alinitazama kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Nikamwambia Rose avae ndala zake jua linaunguza.

Paskazia akasema wazungu ndivyo walivyo, wakila ugali wetu wanakonda, sisi tukila chakula chao tunakufa. Watu wakacheka. Foleni ikasogea.

Jumamosi, 8 Julai

Nilimfuata Mayala zizini asubuhi anakamua. Nikamwambia yule ni mtoto wa dada yako, na wewe ndiye uliyempa jina, la yule bibi wa kanisani. Akaendelea kukamua. Akasema, "Mama, nikisema kwa Rose nimesema kwa wote. Unataka wanichome?"

Nikasema mnong'oneze mzungu. Akasema mzungu hajui kunong'ona, umemsikia mwenyewe. Akasema Matiasi atakwenda moja kwa moja kwa Bwana Revocatus aombe bawa jekundu, Bwana Revocatus atauliza kwa nini, na jekundu halina jina la kampuni. Nikasema basi liandikwe. Akasema rangi imekwisha.

Rangi imekwisha. Haya ndiyo maneno ya mwanangu wa kumzaa. Halafu akaahidi kwamba atatafuta njia.

Jumamosi, 15 Julai

Mayala hajatafuta njia. Nikachukua mayai sita nikaenda mwenyewe hemani kwa Matiasi. Safari nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuta mabawa yote matatu yametandazwa kwenye majani, mzungu anapiga magoti anakagua kamba moja moja kama mama anayetafuta chawa. Na Rose anafanya hivyo hivyo upande wa pili. Jekundu lilikuwa katikati yao. Safi, halijaguswa na vumbi la kwetu.

Rose akaniona akaruka. Akanivuta pembeni, akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Bibi, umekuja kuniharibia. Nakuona usoni." Akasema tangu azaliwe hajawahi kuwa mtu wa kwanza kwa lolote. Mama yake alimwacha hana hata mwaka. Shule ilimwacha darasa la saba. Akasema pale juu, hata hizo hatua kumi na tano, hakuna anayemwuliza wewe ni wa nani.

Hilo, Hellen, lilikuwa lako, lakini mimi ndiye niliyepigwa nalo.

Matiasi akasema shikamoo mama, nikasema marahaba, nikampa mayai. Nikarudi.

Jumapili, 23 Julai

Kanisani. Padri kaombea mvua za wakati wake. Rose kala sahani tatu.

Jumapili, 30 Julai

Leo karuka kutoka juu kabisa mara ya kwanza. Kafika. Kashuka mbio mpaka kwenye ukingo wa shamba, hatua mbili kabla ya mawe. Watu wamempigia vigelegele. Mimi nilikojoa kwenye kanga, nakwambia ukweli.

Ijumaa, 4 Agosti

Mayala kampima tena, sitini na nne. Kaleta nyama. Sikula. Rose kala.

Jumamosi, 19 Agosti

Sijaandika tangu Nane Nane. Sasa naandika yote kwa mkupuo.

Siku ile ilikuwa kavu, anga jeupe. Kampuni ilileta kipaza sauti, soda, na kofia za karatasi. Watu walitoka mpaka Magu. Bwana Revocatus alisimama juu ya gari akasema huu ni wakati wa uhuru wa soko, mkulima anaruka. Tulikuwa tunangoja upepo wa ziwani, ule unaokuja unasukuma vizuri. Ulikuja, ukafa, ukaja tena. Vimbunga vya vumbi vilikuwa vinasimama shambani kwa Paskazia vinazunguka, vinakaa chini. Matiasi pale juu aliinua mkono, akaushusha. Baadaye alisema alitaka wangoje saa moja. Kipaza sauti hakikutaka.

Akatoka. Nisikudanganye, alikuwa mzuri. Njano juu ya mawe meusi, na jina la watu wale limeandikwa juu ya kichwa cha mwanetu. Nyuma yake ziwa lote. Wanawake waliokuwa hawanisalimu walinishika bega. Alipofika juu yetu akafungua mfuko, pamba ikamwagika. Nyeupe, nyepesi, inaelea. Watoto walinyanyua mikono.

Alianza kuzunguka ili atue. Mzunguko wa kwanza nikaona ni mkali. Wa pili bawa liliinama upande kama mtu aliyejikwaa, likajirekebisha, na likaja. Likaja tu. Nilisikia kamba zinapiga mluzi. Alipita mwanzo wa shamba akiwa bado juu, akapita katikati, akavuta mikono yote mpaka makalioni kama alivyofundishwa, na lile bawa la msichana mdogo lilikuwa limebeba mwanamke mzima, halikuweza kusimama. Alifika kwenye mawe amekaa.

Sauti ile sitaiandika.

Pamba ilikuwa bado inashuka polepole juu ya vichwa vyetu wakati yeye ameshafika chini. Ilitua kwenye soda za watu. Ilitua kwenye nywele zangu, nikakimbia nayo.

Mayala alifika wa kwanza. Alikuwa analia kwa sauti, kelele za mwanamke mfiwa. Nilimpiga kofi. Watu walidhani nimechanganyikiwa.

Hospitali, Mwanza, unaijua habari, ulikuja siku ya tatu. Ulivaa viatu virefu. Ulimwambia nesi wewe ni shangazi yake. Nilisikia, nilikuwa nyuma ya pazia namwosha. Na yeye alisikia, Hellen. Ganzi ilikuwa kiunoni kwenda chini, masikio hayakuwa na ganzi. Ulimtukana Matiasi mbele ya wagonjwa wote, muuaji, mlevi, ukasema unamwachia Mungu, ukarudi kwa mume wako asiyejua una mtoto wa ishirini. Mimi nilikaa nikakuachia umtukane. Sasa utajua kwa nini nilikuwa natazama sakafu.

Siku ile ile tuliyofika, daktari alitaka kilo za Rose ili ajue kiasi cha dawa. Walimweka kwenye mizani yao, yenye kitanda. Sabini na tano. Matiasi alikuwepo mlangoni, bado ana vumbi. Akatoa kidaftari chake. Akafungua, akafunga, akafungua tena. Akanifuata kwenye benchi nje, akachuchumaa mbele yangu, mtu mzima yule, akaniuliza, "Mama, sitini na nne imekuwaje sabini na tano kwa siku nne?"

Nikasema anakula sana.

Alinitazama. Akasema vitu navyo vilipimwa pale, basi alikuwa na tisini kwenye bawa la themanini. Akasema jekundu lilikuwa mfukoni. Akasema yeye alipaswa kuona, siku ile ya kwanza alimtazama akasema mzito, macho yake yaliona akaamini namba. Akalia. Mimi, Dorotea, mama wa watoto sita, nilimshika kichwa nikambembeleza kwa kosa lisilo lake. Keshokutwa yake askari walichukua pasi yake wakamweka siku nne, kisha wakamwambia aondoke nchini. Alituachia bawa jekundu. Alisema halipitishi maji, litafaa kumlazia.

Hilo ndilo tunalomlazia.

Jumapili, 3 Septemba

Tumerudi nyumbani kwa gari la kampuni. Walitushusha barabarani, magari hayaingii uwanjani kwetu, dereva kasema. Nimembeba mgongoni. Miguu yake inaburuzika kwa sababu ni mrefu kuliko mimi.

Jumatano, 6 Septemba

Rose ananiuliza, "Bibi, nilikosea wapi?" Nasema hukukosea.

Alhamisi, 7 Septemba

Anaonyesha kwa mikono jinsi alivyovuta kamba. Labda alichelewa, anasema. Labda alivuta wa kushoto kwanza. Nilikosea wapi.

Jumamosi, 9 Septemba

Nilikosea wapi. Kidonda cha makalio kimefunguka.

Jumanne, 12 Septemba

Nilikosea wapi.

Jumatatu, 18 Septemba

Leo nimemwambia. Nilikuwa namgeuza, sikuwa nimepanga. Nimemwambia risasi, kisufuria, jiwe, kadi ya zahanati, mayai sita. Nimemwambia mjomba wake alijua na mimi nilijua, na yeye hakukosea popote, hata kidole.

Nilingoja anitemee mate. Alitazama kivuli cha mlango mpaka kikafika kitandani. Kisha akauliza kisufuria kiko wapi. Nikakileta. Akakishika, akapitisha kidole ndani penye ule utando wa kijivu ambao hautoki kwa mchanga wala majivu.

"Wanapima mpaka lini?" akauliza.

Nikasema Alhamisi ni ya mwisho.

"Basi utanibeba."

Alhamisi, 21 Septemba

Alfajiri nilimwendea Mayala. Nikamwambia leo usiende, chukua shati lako ukapande kivuko Kigongo uende huko Geita kwenye dhahabu. Akacheka. Akasema Mama, wewe huwezi. Ana haki ya kusema hivyo. Alikuwa ananiona msimu mzima.

Nilimfunga Rose mgongoni kwa kanga mbili. Kisufuria kilining'inia shingoni mwake. Watu walidhani tunakwenda kuomba. Foleni ilifunguka, wakatupisha mpaka mbele, wengine walivua kofia.

Nikamkalisha juu ya mizani, nikamshika mgongo kwa viganja nisimwongezee uzito. Akasema:

"Shikamoo mjomba. Nipime."

Mayala alisema Rose, nenda nyumbani. Rose akasema nipime kama ulivyonipima. Bwana Revocatus alitoka ofisini kuona kuna nini, na mbele ya tajiri wake Mayala hakuwa na pa kwenda. Akasukuma jiwe. Jiwe likagonga gonga.

"Hamsini na saba," akasema.

Rose akatoa kifuani kadi ya kliniki, nilikompeleka Jumanne akapimwa. Akaisoma mwenyewe, kwa sauti aliyokuwa anajibia maswali shuleni. Sitini na sita na nusu. Akasema, "Kilo zangu tisa na nusu ziko wapi, mjomba? Ziko wapi na za hawa?" Akakivua kisufuria shingoni akakiweka kwenye sahani ya mizani, polepole, kama mtu anayeandaa meza.

Sikuhitaji kueleza mengi. Nilisema tu mwanangu aliyeyusha risasi kwenye hiki, jikoni kwangu, mwezi wa tano, na mimi nilikuwa nachochea moto.

Paskazia ndiye aliyeinuka. Hakupiga kelele. Alilichukua lile jiwe, akaligeuza, akakwangua chini kwa kisu cha kukatia muwa. Lilitoka donge la kijivu, likadondoka sakafuni, halikudunda.

Bwana Revocatus aliingia kwenye gari lake. Gari linajua njia. Mayala hakuwa na gari. Walimvunja mkono wa kulia kwa mpini wa jembe, mahali pawili, kisha sungusungu, walinzi wa kijiji, wakafika wakawazuia wasimuue. Rose aliangalia mpaka mwisho. Na mimi niliangalia, maana nilisema nikifumba macho nitakuwa nimepunguza kilo nyingine.

Jumapili, 24 Septemba

Sungusungu wamekaa. Mayala hakuwepo, amevuka Ijumaa na mkono wake kwenye vipande vya mti. Kwa hiyo hukumu imeangukia mji wake, na mji wake ni huu. Wamepiga filimbi wakatangaza: nyumba hii imetengwa. Hakuna kusalimiwa, hakuna kupewa moto, hakuna kuchotewa maji, hakuna kushikiwa mzigo. Tukifiwa tuchimbe wenyewe. Mpaka Mayala arudi alipe watu kilo zao.

Nilisimama nikasema mtoto huyu hana kosa. Mtemi, mkuu wao, akasema tunajua, lakini hukumu haikati nyumba vipande. Akasema wewe Dorotea ulikuwa na miezi minne ya kusema.

Ni kweli. Minne.

Jumatano, 4 Oktoba

Maji mara tano mtoni. Hakuna salamu.

Jumanne, 10 Oktoba

Paskazia amefunga mbuzi wake kwenye uzio wetu. Anamfokea kwa sauti kubwa, wewe mbuzi, dawa ya vidonda ya zahanati imefika leo, asiyekwenda kabla ya saa sita hapati. Wewe mbuzi, kuna mtu ameacha chumvi chini ya kigunia, mvua itailowesha. Kisha anaondoka bila kugeuka. Rose alicheka, mara ya kwanza tangu Agosti. Mbuzi yule hajawahi kuwa na habari nyingi hivyo.

Jumatano, 18 Oktoba

Mvua ya kwanza. Nyumba inavuja juu ya kitanda. Nilivuta pembe za bawa jekundu nikazifunga kwenye boriti, nusu chini yake, nusu juu. Halipitishi tone, mzungu alisema kweli. Rose amelala ndani ya bawa lake la saizi yake anatazama kitambaa, kibandiko kiko usawa wa macho. Kila asubuhi ananisomea. Mpaka kilo tisini na tano, Bibi.

Jumapili, 29 Oktoba

Watu wote wamekwenda kupiga kura. Na mimi nilikwenda. Foleni iliachana mbele yangu kama nina ukoma, nikapiga upesi, hiyo ndiyo faida yake.

Narudi nimemkuta ameanguka kitandani, alijaribu kufikia maji. Nimemnyanyua. Hellen, mgongo wangu ni mizani isiyo na risasi. Mwezi wa tisa nilikuwa nasimama mara mbili kati ya hapa na choo. Sasa nasimama mara moja. Leo sikusimama kabisa. Si mimi niliyepata nguvu.

Hukumu ya sungusungu inasema watu wa kijiji. Wewe si wa kijiji hiki, mwenyewe umehakikisha hivyo kwa miaka kumi na tisa. Mikono yako haijakatazwa na mtu.

Basi sikiliza. Ukija, sukari usilete. Vaa viatu vya chini. Usibishe hodi kwa jina la shangazi, maana Rose amesema hatafungua mdomo. Mkoba uache mlangoni, usiulize anaendeleaje, usilie. Nenda mpaka kitandani, mgeuzie mgongo, uchuchumae, mimi nitafunga kanga. Ulimbeba miezi minne tu kisha ukanikabidhi. Utakumbuka fundo linakaa wapi. Umbebe mpaka chooni na kumrudisha. Kilo zake nimekuandikia humu, lakini zangu usiziamini. Mbebe mwenyewe.